Mlango wa Cooperstown: ulinganisho wa njia tatu za kuwapima wachezaji wa besiboli waliotumia pufya

Kila mwezi wa Januari, yanapotangazwa matokeo ya kura za Jumba la Mashuhuri la besiboli lililoko Cooperstown, katika jimbo la New York, ugomvi uleule huamka. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, hasa wale ambao watoto wao wameupenda mchezo huu shuleni, hujikuta wakiulizwa na watoto hao swali ambalo hawakulitarajia: inakuwaje mtu aliyepiga homurani nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa Ligi Kuu hana bamba lake la shaba ukutani? Homurani, kwa asiyeufahamu mchezo, ni pigo linaloupeleka mpira nje ya uzio na kumpa mpigaji nafasi ya kuvizunguka vituo vyote vinne bila kusumbuliwa na mtu. Barry Bonds alipiga homurani 762, na 73 kati ya hizo alizipiga katika msimu mmoja wa 2001. Roger Clemens, mrushaji aliyetwaa mara 7 tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, naye yuko nje ya ukuta huohuo.

Sababu ni pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu zilizokatazwa michezoni, neno ambalo wafuatiliaji wa riadha ya Kenya wamelizoea mno kuliko ambavyo wangependa. Bonds alihusishwa na maabara ya BALCO ya California, iliyovamiwa na maofisa wa serikali mwaka 2003, na Clemens alitajwa katika ripoti ya seneta wa zamani George Mitchell iliyotolewa Desemba 2007. Wote wawili wamekana kutumia dawa hizo kwa kujua, na wote wawili walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kudanganya chini ya kiapo: Clemens aliachiwa huru mwaka 2012, na hukumu pekee iliyompata Bonds, ya kuzuia haki isitendeke, ilifutwa mwaka 2015.

Wengi wetu hatupigi kura Cooperstown. Kura ni ya wanachama wa Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani waliotumikia uanachama kwa miaka 10 au zaidi. Hata hivyo kila anayeupenda mchezo, kila mzazi, kila kocha wa watoto na kila mwanafunzi aliyepewa insha juu ya haki michezoni hulazimika kuwa na msimamo. Misimamo inayosikika ni mingi, lakini ukiichuja inabaki mitatu: kumfungia mlango kila aliyehusishwa na pufya, kuzihesabu takwimu kama zilivyo bila kuuliza kilichokuwa mwilini, au kuweka mpaka pale upimaji wenye adhabu ulipoanza, yaani mwaka 2004, na kumhukumu mtu kwa upande aliomo.

Mizani ya kupimia

Mizani isipotajwa mapema, kila mtu hupima kwa jiwe lake. Njia zote tatu nitazipima kwa mambo manne yaleyale. La kwanza ni kanuni: je, tendo lilikuwa limekatazwa lilipotendwa, na kulikuwa na mtu wa kulikamata? La pili ni ushahidi: je, njia hii inahitaji uthibitisho wa namna gani, na inakosea kwa upande upi inapokosea? La tatu ni yule asiyetumia, ambaye husahaulika haraka kwa sababu jina lake halijulikani. La nne ni kumbukumbu: mtu atakayeisoma historia ya mchezo huu miaka 50 ijayo ataikuta ikisomekaje?

Kipimo kimoja nimekiacha kwa makusudi, nacho ni kiasi ambacho dawa ilimsaidia mchezaji. Steroidi huuwezesha mwili kujenga misuli na kujirudisha haraka baada ya kazi ngumu, na katika msimu wenye mechi 162, ambao watu hucheza karibu kila siku kuanzia mwanzo wa machipuko hadi mwisho wa Septemba, kupona haraka ni mtaji mkubwa kuliko hata ukubwa wa mkono. Lakini miaka ileile ligi iliongeza timu mbili mwaka 1993 na nyingine mbili mwaka 1998, hivyo warushaji ambao wangebaki ligi za chini wakapandishwa. Na warushaji nao walikuwa wakitumia dawa zilezile. Atakayekwambia kuwa homurani 20 kati ya zile 73 ni za sindano anabahatisha.

Sheria ilivyokuwa

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hoja nyingi za njia zote tatu husimama juu ya tarehe, na tarehe zenyewe hunukuliwa ovyo.

Husemwa sana kwamba zamani zile steroidi hazikuwa zimekatazwa. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Sheria ya nchi iliyopitishwa mwaka 1990 iliziingiza steroidi za anaboliki katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na Juni 1991 kamishna wa wakati huo, Fay Vincent, alizipelekea timu zote waraka uliosema bayana kwamba dawa haramu za kila aina, steroidi zikiwemo, hazina nafasi katika besiboli. Kilichokosekana ni meno. Chama cha wachezaji hakikuwa kimeridhia upimaji, na bila ridhaa hiyo hapakuwa na njia ya kumtaka mchezaji atoe hata tone la mkojo.

Kisha ukaja mgomo wa 1994, fainali za mwaka huo zikafutwa, na watazamaji wakasusa. Kilichowarudisha viwanjani kwa kiasi kikubwa ni kiangazi cha 1998, ambapo Mark McGwire na Sammy Sosa walifukuzana kuivunja rekodi ya Roger Maris ya homurani 61 iliyowekwa mwaka 1961. McGwire alimaliza na 70, Sosa na 66. Agosti ya mwaka huo mwandishi wa shirika la habari la AP, Steve Wilstein, akiwa chumba cha kubadilishia nguo pamoja na waandishi wengine, aliona chupa kwenye rafu ya kabati la McGwire, akayasoma maandishi yake: androstenedione, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa testosteroni. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imekipiga marufuku, lakini katika maduka ya Marekani kiliuzwa waziwazi kama kirutubisho, na besiboli haikuwa na neno nacho hadi mwaka 2004. Habari ilipotoka, wengi walimkasirikia mwandishi aliyeiona chupa badala ya kuuliza kilichomo. McGwire mwenyewe alikuja kukiri mwaka 2010 kwamba alitumia steroidi, mwaka wa rekodi ukiwemo.

Mwaka 2003 wachezaji walipimwa kwa siri, bila majina kutangazwa, kwa makubaliano kwamba wakikutwa na dawa zaidi ya asilimia 5, upimaji wa lazima utaanza. Walizidi. Mwaka 2004 upimaji ukaanza, ingawa aliyekutwa mara ya kwanza alipelekwa kwenye matibabu tu, bila kufungiwa. Mwaka 2005 kosa la kwanza likawa siku 10 nje. Kuanzia msimu wa 2006 likawa mechi 50, la pili 100, la tatu maisha. Na tangu 2014 ni mechi 80, kisha 162, kisha maisha, pamoja na kukosa mechi za mtoano za mwaka huo. Amfetamini, vile vidonge vya kuondoa uchovu vilivyokuwa vikizunguka vyumbani kwa miongo kadhaa, viliingizwa katika upimaji kuanzia 2006.

Njia ya kwanza: kumfungia mlango kila aliyehusishwa

Kwa upande wa kanuni, njia hii ina msingi imara kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Sheria ya nchi ilikuwepo, waraka wa 1991 ulikuwepo, na watu hawafichi kwa namna ile kitu wanachokiona halali. Zaidi ya hayo, maelekezo ya kura ya Cooperstown hayazungumzii takwimu peke yake: yanamtaka mpiga kura apime rekodi ya mchezaji, uwezo wake, uadilifu, uanamichezo, tabia na mchango wake kwa timu. Novemba 2017 Joe Morgan, aliyekuwa mmoja wa vigogo wa Jumba hilo, aliwaandikia wapiga kura akiwasihi wasiwachague waliokutwa na dawa, waliokiri, au waliotajwa katika ripoti ya Mitchell.

Kwa upande wa yule asiyetumia, hakuna njia inayomtetea kuliko hii. Mtazame Fred McGriff. Alistaafu akiwa na homurani 493, hakuwahi kuhusishwa na pufya, na alikaa miaka 10 kwenye karatasi ya kura ya waandishi bila kufika hata asilimia 40, ilhali inatakiwa 75. Kabla ya 1994 homurani 35 kwa msimu zilimweka mtu katika safu ya mbele kabisa. Miaka michache baadaye, watu wakipiga 60 na 70, namba hizohizo zikaonekana za mtu wa kawaida. McGriff hakushuka, sakafu ndiyo iliyopandishwa chini ya miguu ya wenzake. Ilibidi asubiri kamati maalumu ya Desemba 2022 ndipo akachaguliwa, kwa kura zote 16. Na huyo ni mtu aliyefika kileleni. Nyuma yake wapo waliokwama ligi za chini, wakilala kwenye mabasi ya usiku, kwa sababu nafasi moja iliyobaki ilichukuliwa na mwenzao aliyekubali sindano. Majina yao hayajaandikwa popote.

Inapolegea ni kwenye ushahidi. Neno "kuhusishwa" ni wavu ambao matundu yake hubadilika kulingana na anayeushika. Ripoti ya Mitchell iliwataja wachezaji 89, lakini sehemu kubwa ya maelezo yake ilitoka kwa watu wachache, hasa mhudumu mmoja wa zamani wa timu ya New York Mets na mkufunzi mmoja wa mazoezi. Mchezaji aliyenunua kwa mtu mwingine, ambaye hakuhojiwa, alipita salama. Mike Piazza na Jeff Bagwell hawakutajwa humo, wala hawakuwahi kufungiwa, lakini walicheleweshwa miaka kadhaa na minong'ono juu ya ukubwa wa miili yao: Piazza aliingia mwaka 2016, Bagwell mwaka 2017 baada ya kura saba. Mwenye kuchagua njia hii akubali tangu mwanzo kwamba siku moja atamfungia mlango mtu asiye na kosa, na hatajua ni nani.

Kwenye kumbukumbu inaacha shimo. Mpira wa homurani ya 756 ya Bonds, ile iliyoipita rekodi ya Hank Aaron ya 755 mwezi Agosti 2007, ulinunuliwa na mbunifu wa mavazi Marc Ecko kwa zaidi ya dola 750,000. Aliwauliza wananchi kwa kura ya mtandaoni aufanyie nini, nao wakataka upigwe alama ya kinyota kama ile inayowekwa pembeni ya namba yenye maelezo chini ya ukurasa. Ulipigwa alama hiyo, ukapelekwa Cooperstown. Hivyo mpira umeingia na mpigaji amebaki nje, jambo ambalo kwa wengine ndilo haki yenyewe na kwa wengine ni kichekesho.

Njia hii inamfaa anayeamini kwamba heshima ni zawadi na si haki, kwa hiyo kuinyima si adhabu. Na inamfaa anayewafundisha vijana, ambaye hana muda wa kueleza tofauti ya Machi 2003 na Machi 2004.

Njia ya pili: kuzihesabu takwimu kama zilivyo

Mfuasi wa njia hii huanza na swali la kanuni kwa kuligeuza: nani alikuwa mlinzi? Bud Selig alikuwa msimamizi mkuu wa ligi tangu 1992 hadi Januari 2015, kipindi chote cha tufani hii, naye alichaguliwa kuingia Cooperstown Desemba 2016. Tony La Russa, aliyekuwa meneja wa McGwire katika timu mbili, aliingia mwaka 2014. Ikiwa waliokuwa wakikusanya viingilio vya kiangazi kile wamo ndani, kwa nini waliokuwa wakipiga mipira wawe nje? Hoja hii ina uzito, na baada ya Selig kuchaguliwa baadhi ya waandishi walikiri hadharani kwamba ndiyo iliyowafanya waanze kuwapigia kura Bonds na Clemens. Vilevile anakumbusha kwamba usafi wa zamani ni hadithi ya kubembelezea watoto. Amfetamini zilitumika tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, na Gaylord Perry, aliyejijengea jina kwa kuupaka mpira mate na mafuta kinyume cha kanuni, aliingia mwaka 1991 huku watu wakicheka.

Kuhusu ushahidi, njia hii haihitaji wowote, na huo ndio wepesi wake. Mpiga kura hageuki kuwa mpelelezi, hasomi miili ya watu kwenye picha, hamkosei asiye na hatia.

Mimi husita kwenye kipimo cha tatu. Asiyetumia hapati chochote hapa, hata pole. Anaambiwa kwamba alichagua mwenyewe kucheza na mkono mmoja umefungwa, na kwamba ubao wa matokeo haujui habari hizo. Watetezi wa njia hii hujibu kuwa jambo hilo ni la ligi na si la jumba la makumbusho, jibu ambalo ni sahihi kisheria na ni baridi mno.

Kwenye kumbukumbu, msomaji wa Afrika Mashariki atapata mwanga akiitazama riadha. Rita Jeptoo wa Kenya alishinda Boston Marathon mwaka 2014. Alipokutwa na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, mwaka huo na kesi yake kumalizika katika mahakama ya usuluhishi ya michezo, ushindi huo ulifutwa na taji likahamishiwa kwa Buzunesh Deba wa Ethiopia. Mbio zinaruhusu ukarabati wa namna hiyo, kwa kuwa ukimwondoa wa kwanza, wa pili anapanda. Besiboli hairuhusu. Homurani ya mwaka 2001 iliingia katika matokeo ya mechi, ikaharibu hesabu ya mrushaji aliyepigwa, ikasogeza timu moja juu na nyingine chini katika msimamo. Huwezi kuing'oa bila kuubomoa ukuta mzima, na kwa sababu hiyo kitabu cha rekodi cha ligi bado kinasoma 73 na 762 bila nyota yoyote. Mfuasi wa njia ya pili husema tu kwamba Cooperstown isijifanye inajua kusahau kitu ambacho kitabu chenyewe kimeshindwa kukisahau.

Njia hii inamfaa mpenzi wa historia na takwimu, na mtu ambaye hapendi kabisa kuhukumu kwa tetesi. Wapo pia wanaoichagua kwa sharti moja, kwamba maandishi ya bamba yaseme wazi mchezaji alihusishwa na nini. Ni wazo zuri, ila halina mahali pa kushika, kwa sababu mpiga kura hana mamlaka juu ya maandishi.

Njia ya tatu: mpaka wa mwaka 2004

Njia hii husema kwamba kabla ya upimaji wenye adhabu, kosa lilikuwa la wote, ligi ikiwa ya kwanza. Baada ya hapo kila mchezaji alijua, alipimwa, na alikuwa na chama cha kumtetea, hivyo aliyekutwa ajibebe. Kwa kanuni imenyooka, na hata ushahidi wake ni wa aina inayokubalika mahali pengine popote: majibu ya maabara, rufaa, msuluhishi. Rafael Palmeiro alilinyooshea kidole Bunge la Marekani Machi 2005 akisema hajawahi kutumia steroidi. Agosti 1 mwaka huohuo alifungiwa siku 10 kwa kukutwa na stanozolol. Alikuwa na mapigo salama zaidi ya 3,000 na homurani 569, namba ambazo kwa kawaida huufungua mlango zenyewe, lakini mwaka 2014 alishuka chini ya asilimia 5 na kuondolewa kwenye karatasi.

Mfano ninaoupenda zaidi haumhusu mtu wa Cooperstown. Mwaka 2012 Melky Cabrera wa San Francisco Giants alikuwa wa pili katika National League, moja ya makundi mawili ya Ligi Kuu, kwa wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio ya mpigaji inayozaa pigo salama), .346, na mwezi Julai alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wote. Agosti 15 akafungiwa mechi 50 kwa testosteroni. Ili mtu ashindanie taji la wastani alihitaji kusimama mbele ya mrushaji mara 502 katika msimu. Cabrera alikuwa amesimama mara 501. Kanuni iliruhusu kumwongezea mara zilizopungua, zikihesabiwa kama ameshindwa, na kwa hesabu hiyo bado angeshinda akiwa amekaa nyumbani. Kabla msimu haujaisha alikiomba chama chake kimwondoe katika ushindani, ligi ikakubali, na taji likaenda kwa mwenzake wa timu moja, Buster Posey, kwa .336. Ni nadra sana katika mchezo huu kuona asiyekutwa na kosa akipokea kitu mkononi badala ya aliyekutwa, na hapa ilitokea kwa sababu mkosaji mwenyewe aliomba.

Kwa kawaida mambo hayaendi hivyo. Jhonny Peralta alifungiwa mechi 50 mwaka 2013 katika sakata la Biogenesis, kliniki ya Florida iliyowapa wachezaji dawa, na kabla mwaka haujaisha St. Louis Cardinals walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 53. Hivyo hata baada ya mpaka, asiyetumia analindwa nusu: anaona mwenzake akifungiwa, kisha anamwona akilipwa.

Mpaka wenyewe nao una nyufa. Waliofungiwa kwa Biogenesis, wengi wao, walikamatwa kwa karatasi za kliniki na si kwa mkojo, maana yake maabara zilikuwa zimewapitisha. Upande wa pili wapo wanaosema waliteleza: Fernando Tatis Mdogo alifungiwa mechi 80 mwaka 2022 kwa clostebol, akaeleza kuwa ilitokana na dawa aliyotumia kutibu choa. Kanuni haikumwuliza nia yake, bali ilimwuliza kilichomo mwilini. Mtu ayachukulie maelezo yake atakavyo. La muhimu kwa ulinganisho huu ni kwamba njia ya tatu humtia kosani hata mzembe, huku ikimsamehe mjanja wa 2001.

Kwenye kumbukumbu, inatoa historia yenye sura mbili, zama za giza na zama za upimaji, jambo ambalo linafundishika. Inamfaa mtu mwenye mwelekeo wa kisheria, anayetaka kujua kwanza kama ilani ilibandikwa ndipo amkemee aliyepita.

Watu wawili, timu moja

Tofauti za njia hizi huonekana vizuri zaidi zikiwekwa juu ya David Ortiz na Manny Ramirez. Wote wawili walikuwa nguzo za Boston Red Sox walipotwaa ubingwa wa 2004 na 2007. Ortiz alimaliza na homurani 541, Ramirez 555. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliripoti kwamba wote wawili wamo katika orodha ya siri ya waliokutwa na dawa katika upimaji ule wa 2003. Ramirez alifungiwa mwaka huohuo wa 2009, akakutwa tena mwaka 2011. Ortiz hakuwahi kufungiwa, na mwaka 2016 kamishna Rob Manfred alisema kwamba baadhi ya majibu ya orodha ile yalikuwa na utata wa kisayansi ambao haukuwahi kutatuliwa.

Njia ya kwanza, ikifuatwa bila huruma, inawaacha wote nje. Ya pili inawaingiza wote. Ya tatu inamwingiza Ortiz na kumwacha Ramirez, na ndivyo ilivyotokea: Ortiz aliingia mwaka 2022, mwaka wake wa kwanza kwenye karatasi, kwa asilimia 77.9, ilhali Ramirez hakuwahi kuikaribia ile 75 inayotakiwa. Lakini mwaka uleule wa 2022 Bonds, ambaye kama Ortiz hakuwahi kufungiwa na ligi kwa pufya, aliishia kwenye asilimia 66 katika kura yake ya mwisho ya waandishi, na Clemens asilimia 65.2. Kwa hiyo waandishi hawakufuata njia yoyote kwa ukamilifu. Tabasamu la Ortiz, nadhani, lilipiga kura kadhaa. Kamati maalumu zilizowajadili Bonds na Clemens Desemba 2022 na Desemba 2025 ziliwaacha mbali sana na kura zinazotakiwa.

Kwa hali yako

Ikiwa wewe ni mzazi au kocha wa vijana, anza na njia ya kwanza hata kama moyoni hukubaliani nayo yote, kwa sababu kijana wa miaka 15 anayefikiria kununua poda mtandaoni haangalii tarehe za mikataba ya chama cha wachezaji. Na mwoneshe McGriff kabla hujamwonesha Bonds. Kisa cha Tatis kitakusaidia kumweleza kwa nini hata dawa ya ngozi husomwa maandishi yake kabla ya kupakwa.

Ikiwa unaandika insha au unajiandaa kwa mdahalo, njia ya tatu ndiyo rahisi kutetea mbele ya majaji, mradi uwe na jibu la Biogenesis mfukoni na usithubutu kusema kwamba steroidi hazikukatazwa kabla ya 2004, kwani mpinzani aliyesoma atakutolea waraka wa 1991.

Ikiwa unapenda namba, unalinganisha vizazi na unataka kujua nani alikuwa mpigaji wa kutisha kuliko wote, njia ya pili ndiyo pekee itakayokuruhusu uyafurahie masomo yako. Iweke pembeni tu pale utakapokaa na mtu ambaye mwanawe aliishia ligi ya chini.

Ikiwa unatoka katika jamii ya wanariadha na umezoea adhabu ya miaka minne na matokeo kufutwa, mechi 80 zitakuonekania kama kukosa chakula cha jioni. Usiihamishe mizani ya mbio moja kwa moja hadi hapa: uliza kwanza kama kuna mtu wa pili anayeweza kupandishwa.

Na ikiwa bado hujaamua, jaribu msimamo wako juu ya Alex Rodriguez, mwenye homurani 696. Alikiri kutumia dawa kati ya 2001 na 2003, upande ule wa mpaka. Kisha akafungiwa msimu mzima wa 2014 kwa Biogenesis, upande huu. Yuko kwenye karatasi ya waandishi tangu 2022, amekuwa akipata zaidi ya theluthi moja ya kura, na nafasi yake ya mwisho mbele yao ni mwaka 2031.